Habu ya Nne ya Bwana Mvumo

Kijiwe cha karakana ya Nezu hakikuwa na meza wala paa, na kwa maoni ya wake za wanachama wake hakikuwa na maana. Kilikuwa kiti cha nyuma cha basi lililokwisha kufa, kimeegemezwa ukutani kati ya mashine ya kahawa ya kopo na pipa la makopo matupu, kikitazama mlango wa karakana. Humo mtu yeyote mwenye gari na vidole kumi, au hata tisa, aliweza kukodi lifti ya kuinulia gari kwa saa moja akajitengenezea mwenyewe. Nezu mwenye karakana hukaa ofisini akitazama mieleka na hatoki mpaka kitu kianguke. Kila Jumamosi asubuhi, mlima Akagi ukiwa bado umejifunika shuka la ukungu, wanaume watatu ambao ujana uliwaaga bila kuacha anwani hukutana hapo kubishana juu ya magari. Jumamosi ile ya Novemba Utsugi alifika wa kwanza, akiwa na gari lake jeupe na boksi moja la vipuri.

Utsugi alikuwa na miaka hamsini na minne, msimamizi katika kiwanda cha konyaku, ile jeli ya kiazi ambayo ukiiuliza ina ladha gani yenyewe haijui. Gari lake lilikuwa na turbo, miaka ishirini na sita, na bawa nyuma ambalo mkewe huanikia taulo. Mwezi mara moja alilipeleka kwenye kiwanja cha mbio kule bondeni, akazunguka kwa kasi, akarudi nyumbani akiwa mwenye adabu kuliko alivyoondoka. Lakini mwaka huu gari lilikuwa na ugonjwa. Gurudumu la mbele kushoto lilivuma. Likifika mwendo wa sitini linaanza vuuuu, kama nyuki aliyefungiwa kwenye birika, na ukikata kona ya kulia nyuki anaita ndugu zake. Ndiyo maana kijiweni walimwita Mvumo.

—Mvumo! Nimekusikia tangu kwenye taa za barabarani, alisema Kinyozi akiwa anakuja na boksi kwapani. Nikadhani ni ndege ya jeshi, nikakaribia kulala chini.

Kinyozi jina lake ni Todoroki, na kazi yake ilikuwa hiyohiyo anayoitwa. Alinyoa nusu ya vichwa vya mji ule, na vichwa hivyo vilimlipa pia kwa habari.

—Salamu kwanza, mzee.

—Salamu za nini na wewe una mgonjwa? Habu tena?

—Habu tena.

Habu ni kile kitovu cha chuma ambacho gurudumu hufungwa juu yake, na ndani yake mnakaa beringi. Beringi ikifa, gurudumu huanza kulia. Ukilipuuza kilio, siku moja gurudumu linakwenda zake na wewe unabaki. Utsugi alikuwa amebadilisha habu za mbele mara tatu mwaka ule: Februari, Mei na Agosti. Kila jozi ilitoka kiwanda tofauti, na kila jozi iliimba kabla ya miezi mitatu.

—Umepokea ushauri wangu? iliuliza sauti ya tatu. Ilikuwa ya Profesa, yaani mzee Hachisuka, aliyechora ramani za skrubu kiwandani kwa miaka thelathini na nane, na hata sasa amestaafu hatembei bila kalipa, kile kipimo cha unene, mfukoni mwa shati. Mkewe anasema huipimia mkate kabla ya kula. Naye alikuwa na boksi.

Maboksi matatu yakawekwa kwenye lile benchi la basi, na wenyewe wakabaki wamesimama.

—Nisikilizeni kabla hamjaanza, alisema Utsugi. Leo si mchezo. Chinatsu anakuja.

Kinyozi akaacha kopo lake la kahawa njiani, kati ya mkono na mdomo.

—Chinatsu yupi? Bintiyo? Yule aliyesema gari hili ndilo mtoto wako wa kwanza na yeye ni wa pili?

—Ndiye huyo. Miaka kumi na mmoja hajagusa mlango wake. Jumatano ameniandikia kutoka Nagoya: Baba, Jumapili si ni siku ya familia kiwanjani? Naomba niendeshe mimi.

—Ukamjibu nini?

—Nilimwandikia barua ndefu, nikafuta. Nikaandika nyingine, nikafuta. Nikamwambia: Sawa.

—Fundi wa maneno, alisema Profesa.

—Na jioni ileile, nikitoka kazini, likaanza. Vuuuu. Sasa saa tatu nimekodi lifti. Nikifunga habu isiyo sahihi leo, kesho sitamruhusu. Siwezi kumkalisha mwanangu juu ya gurudumu ninaloliogopa. Na nikimwambia hapana mara hii, sijui kama ataomba tena.

Kisha Kinyozi akafungua boksi lake.

—Basi tatizo limekwisha. Hizi hapa. Zimekuja na meli, bei ya kikombe cha supu. Chuma ni chuma, ndugu zangu. Ukweli ambao viwanda havitaki ujue ni kwamba habu zote duniani zinatoka kiwanda kimoja, halafu wanabadilisha maboksi tu.

—Nani kakwambia?

—Kichwa kimoja nilichokinyoa.

—Zako ndizo zilizokufa Februari, Utsugi alikumbusha.

—Zile zilipigwa na chumvi ya bahari. Hizi zilikaa ndani zaidi ya meli. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani!

—Hiyo methali haihusiani, alisema Profesa.

—Ina meli ndani yake. Unataka uhusiano gani tena?

Profesa akachomoa kalipa, akapima habu ya Kinyozi, akatikisa kichwa kama daktari mbele ya ndugu wa marehemu. Kisha akafungua boksi lake mwenyewe. Ndani mlikuwa na jozi inayong'aa, ya mashindano, nzito, yenye stadi ndefu za kufungia rimu.

—Tazameni gololi zake. Kubwa zaidi kwa milimita moja na nusu. Chuma kimefuliwa, hakikumiminwa. Gari la kawaida lina habu ya kawaida, gari la mbio lina habu ya mbio. Mavazi huenda na mwili.

—Zako ndizo zilizokufa Agosti, alisema Utsugi.

—Agosti kulikuwa na joto.

—Profesa, joto gani linaua chuma kilichofuliwa?

—Si joto peke yake. Fikirini. Kiwanja chetu kinazunguka upande wa saa, kona nyingi ni za kulia. Gari likienda kulia, uzito wote unamlalia nani? Gurudumu la kushoto. Kwa hiyo dawa ni nyepesi: Mvumo azunguke kinyume.

—Kinyume na magari mengine yote?

—Beringi zitapumzika.

—Na mimi pia, moja kwa moja.

Kinyozi alicheka mpaka kahawa ikampanda puani. Akajifuta, akashusha sauti, akawaita karibu kwa kidole. Na kila mtu anayemfahamu Kinyozi alijua kwamba akishusha sauti ukweli uko hatarini.

—Mimi niwaambie. Ni mlima huu. Una sumaku. Volkano ya zamani, chini mna chuma kitupu. Gari likipita, mlima unavuta beringi. Kwa nini magurudumu ya nyuma hayafi? Kwa sababu ya mbele ndiyo yanayoujua mlima kwanza. Kutangulia si kufika!

—Basi na wembe wako ungevutwa, alisema Profesa.

—Unavutwa! Unadhani kwa nini nilimkata mkuu wa posta?

—Kwa sababu ulikuwa unaongea.

—Haya, tuache mlima. Angalieni tarehe. Habu za Mei ulizinunua lini? Nilitazama kalenda yangu ya ukutani: siku ya mkosi, ile ambayo watu hawafungi hata arusi. Unafunga habu siku ambayo hata maharusi wanakataa kufungwa?

—Za Mei zilikuwa za kiwanda kilichounda gari, alisema Utsugi, akiweka mkono juu ya boksi lake, ambalo lilikuwa la kijivu na halikuwa na picha wala majigambo. Kama hizi. Mimi bado naziamini. Ukizizungusha kwa kidole zinakwenda kwa uzito, grisi imejaa, na hizi pete za mpira pembeni zimekaa sawasawa. Haziruhusu maji wala vumbi.

—Unaziamini na zilikufa?

—Ndicho kinachoniumiza. Zote zimekufa. Mbovu zimekufa, nzuri zimekufa, ghali zimekufa. Ingekufa moja ningejua nani wa kulaumu.

—Labda gari lina wivu, alisema Kinyozi. Chinatsu ameandika Jumatano, gari limelia Jumatano. Mtoto wa kwanza amesikia wa pili anarudi nyumbani. Kikulacho ki nguoni mwako.

Mara nyingine Utsugi angecheka, maana yeye mwenyewe ndiye aliyewahi kudai kijiweni kwamba gari lake halipendi kupitishwa karibu na gereji za wengine. Leo hakucheka. Alikaa kwenye nafasi ndogo iliyobaki kati ya maboksi, akainama, viwiko magotini.

—Mimi nataka kitu kimoja tu, alisema. Habu ambayo nikimkalisha mwanangu juu yake nitapata usingizi. Mnionee huruma. Nani kati yenu angempa mtoto wake hizi alizoleta?

Hapo ndipo kijiwe kikageuka. Profesa alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

—Bwana Utsugi, alisema, na akimwita mtu kwa jina lake halisi ujue ameacha utani. Hizi zangu za mashindano... wenyewe hawa wa mashindano huzitupa baada ya mbio chache. Zimeumbwa ziwe ngumu, hazikuumbwa ziishi. Ungeniuliza habu ya kushinda kikombe, ningesema hizi. Habu ya kudumu, funga za boksi la kijivu.

—Mwaka mzima ulikuwa unayajua hayo?

—Hukuniuliza ya kudumu. Uliniuliza ipi bora.

Kinyozi akachukua moja ya zake, akaizungusha karibu na sikio. Ikatoa sauti ndogo ya mchanga. Akairudisha kwenye boksi polepole, kama mtu anayefunika sahani ya chakula cha jana.

—Za kijivu, alisema. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mimi za watu huzikata, lakini za Utsugi leo naziacha.

Saa tatu ilipogonga wakaliingiza gari na kuliinua kwenye lifti kimo cha kiuno. Mabishano yakaisha, kazi ikaanza, na hapo ungewapenda. Profesa alishika taa na kutaja kila boliti kama anaita darasa. Kinyozi, ambaye mikono yake imezoea shingo za watu, alipitisha spana mahali ambapo spana haipiti. Utsugi alilala chini akikwaruza kutu kwa brashi mpaka chuma kikang'aa, akapaka mafuta kidogo, akaweka habu mpya kwa mikono miwili. Upande wa kushoto, kisha wa kulia, maana habu ni kama soksi, hubadilishi moja. Wakarudisha breki na rimu. Ikabaki nati kubwa ya katikati kila upande, ile inayobana kila kitu pamoja. Wakaizungusha kwa vidole mpaka ilipogoma.

Ndipo Kinyozi alipotazama ubao wa zamu mlangoni.

—Saa nne, Karasawa. Na sasa ni saa tatu na dakika arobaini na saba. Jamani, yuko nje!

Kweli, kilori kidogo cheupe kilikuwa kimeegeshwa pembeni, na mama mmoja mwenye buti za shambani na kofia ya kitambaa alikuwa amekaa kwenye benchi lao, mikono mapajani, akingoja zamu yake. Hakuna aliyewahi kumwona pale.

Ikawa kama moto umelipuka. Kwa Nezu hakuna sheria iliyoandikwa, lakini kuna jambo ambalo kila mteja amelinyonya pamoja na maziwa: ajaye akute lifti iko tupu na sakafu imefagiliwa, dakika kumi kabla ya saa yake. Kumngojesha mwenzio pale ni sawa na kuingia na viatu kwenye mikeka yake. Kwa hiyo utaratibu ulikuwa uleule miaka yote: shusha gari upesi, sukuma mpaka mbele ya benchi, fagia, inama kumwomba radhi ajaye, kisha nati kubwa mnaikaza huko nje kwa nafasi yenu, gari likiwa chini, kahawa mkononi. Profesa alikuwa tayari ana ufagio. Kinyozi alikuwa tayari ameweka viganja kwenye buti la gari.

—Shusha, Mvumo! Haraka, mama wa watu anangoja! Chelewa chelewa utakuta mwana si wako!

Utsugi akashika mkono wa lifti.

—Samahanini sana, alisema yule mama kutoka mlangoni. Nawasumbua. Nilikuwa sina cha kusoma, nikachukua karatasi kwenye maboksi yenu. Mtanisamehe.

—Bila shaka, mama, karibu, tunatoka sasa hivi, alisema Utsugi, akiinama huku mkono ungali kwenye lifti.

—Ni kwamba maboksi ni ya viwanda vitatu, lakini picha hii wameichora wote. Gari liko chini, nati hii ya katikati haijakazwa, na juu yake wamepiga alama nyekundu ya kukataza. Kwani mkilishusha kabla ya kukaza, huwa inakuwaje?

Kinyozi akamtazama Profesa. Profesa akamtazama Utsugi. Utsugi akaitazama nati. Ofisini mtangazaji wa mieleka alipiga kelele, mtu fulani ametupwa nje ya duara.

—Hiyo ni picha ya urembo tu, mama, alisema Kinyozi, lakini sauti yake haikumfuata mpaka mwisho wa sentensi.

Profesa akaegemeza ufagio, akaenda kuzichukua karatasi. Akazisoma zote tatu, moja baada ya nyingine, midomo ikitembea. Alipomaliza alikuwa amezeeka kidogo.

—Inasema nati hii ndiyo inayozishika gololi zikae pamoja. Kabla haijakazwa kwa kipimo, gari lisikanyage chini, wala lisisukumwe hata hatua moja. Gololi hujipiga kwenye njia yake, zikaacha vidonda vidogo visivyoonekana. Beringi itakwenda vizuri wiki chache, kisha italia.

—Mwanzo itakwenda vizuri, alirudia Utsugi.

—Kisha italia. Zote tatu zinasema hivyo.

Utsugi aliondoa mkono kwenye lifti taratibu, kidole kimojakimoja, kama anaondoa mkono juu ya mtoto aliyesinzia.

—Februari tulilisukuma, alisema. Kulikuwa na barafu, likateleza, tukalisukuma mara mbili.

—Mei pia, alisema Kinyozi. Daktari wa meno alikuwa anangoja. Na Agosti tulilipeleka mpaka kivulini.

—Hatukununua habu mbaya hata moja.

—Zangu zilikuwa mbaya kidogo, alikiri Kinyozi.

—Tumeziua wenyewe, alisema Profesa. Na tumeziua kwa adabu njema.

Mama Karasawa alikuwa anawasikiliza, uso wake ukiwa na wasiwasi wa mtu aliyevunja chombo cha wenyeji.

—Mlikuwa mnaharakisha kumpisha nani?

—Wewe, mama.

—Mimi? Mimi sina haraka. Nimekuja kumwaga oili tu, na vitunguu vyangu nimeshang'oa. Nimewahi ili nisije nikawachelewesha nyinyi.

Utsugi alitaka kucheka na kulia, akachagua kuinama.

—Lakini kuna tatizo, alisema Profesa, ambaye hakuweza kuacha ushindi uondoke hivihivi. Nati hii inahitaji nguvu nyingi. Gari likiwa juu, gurudumu linazunguka pamoja na spana. Ndiyo maana hukazwa chini. Hapo karatasi zinasemaje?

—Sijui karatasi, alisema Mama Karasawa. Lakini nyinyi mko watatu, na pedali ya breki ni moja.

Kinyozi alipanda garini akiwa bado anajisemea. Akaketi huko juu kama mfalme kwenye machela, akakanyaga breki kwa miguu miwili, na gurudumu likatulia. Utsugi akaleta spana ya kipimo, ndefu kama mkono, akaning'inia nayo. Profesa alihesabu kwa sauti. Nati ilienda robo, ikaenda kidogo tena, ikalia: tak! Utsugi alikuwa ameisikia tak hiyo mara nyingi huko nje, juu ya maiti za beringi. Wakahamia upande wa pili. Hapo ndipo saa nne ikagonga, na ikapita, na watu watatu wakaendelea kuitumia lifti ya mtu mwingine mchana kweupe. Masikio ya Utsugi yaliwaka moto. Ilifika saa nne na dakika kumi na mbili. Nezu alitoka ofisini kuangalia ni nani amefariki.

—Hakuna aliyekufa, Nezu, alisema Kinyozi kutoka juu. Ndiyo habari yenyewe.

Gari lilishushwa, likakanyaga chini, na Utsugi akaenda nalo mpaka daraja la mtoni na kurudi. Alipofika sitini alizima redio iliyokuwa tayari imezimwa. Kona ya kulia: kimya. Akaikata tena kwa nguvu zaidi: kimya, mpaka akasikia saa yake ya mkononi. Aliporudi, wenzake walikuwa wamejipanga mbele ya benchi kama wazazi kwenye matokeo ya mtihani, na Mama Karasawa, oili yake ikichuruzika kwenye karai, alikuwa amesimama nao, amekumbatia furushi la vitunguu vinene vya majani.

—Haya? aliuliza Kinyozi.

—Hakuna kitu.

—Hakuna kitu kibaya au hakuna kitu kabisa?

—Kabisa.

Kinyozi akampiga Profesa mgongoni, miwani ikaruka. Mama Karasawa akagawa vitunguu, na kila mmoja akavikataa mara mbili kabla ya kuvipokea, kama inavyostahili.

Chinatsu alifika kwa teksi saa saba kasorobo, begi begani, nywele fupi ambazo Kinyozi alizikagua kabla ya kumsalimu.

—Nani amekufanyia hivi Nagoya? Lete kichwa.

—Hapana, mjomba Todoroki. Mara ya mwisho ulinikata sikio.

—Ulijitikisa!

—Ulikuwa unaongea.

Profesa akakohoa kwa furaha. Utsugi alisimama na ufunguo mkononi. Alikuwa ameandaa hotuba kuhusu klachi, turbo, na kona ya tatu ya kiwanjani inayodanganya watu. Binti yake akanyoosha mkono, na hotuba yote ikatoka katika umbo la ufunguo.

—Magurudumu yakoje, Baba?

—Mazima. Niulize mara nyingine yoyote, nitakwambia sijui. Leo najua.

Chinatsu alikaa, akavuta kiti mbele, kiti kikalalamika. Utsugi akaingia upande wa kushoto na kugundua kwamba hajawahi kuliona gari lake kutoka pale. Kioo kilikuwa na ufa mdogo ambao hakuna aliyemwambia. Alishika mpini wa mlango. Wakaingia barabarani, kijiwe kizima kikiwapungia vitunguu. Binti aliingiza gia kwa upole, bila kuichuna. Arobaini. Hamsini. Mashamba ya vitunguu yakaanza kukimbia pande zote mbili. Sitini.

Utsugi akasikia mvumo.

Ulikuwa mdogo, wa chini, lakini ulikuwepo. Mmmmm. Na safari hii ulitokea kulia.

—Simama, alisema. Simama kando, mwanangu.

—Nimefanya nini?

—Si wewe. Simama tu.

Akashuka, akazunguka gari, akapiga magoti kwenye nyasi za ukingo, akaweka kiganja kwenye rimu ya kulia. Baridi. Akaweka sikio. Akalisukuma gurudumu huku na huku, halikucheza hata unywele. Akarudi kukaa akiwa na udongo kwenye magoti na aibu kwenye uso.

—Twende. Polepole.

Chinatsu akaondoa gari. Arobaini, hamsini. Barabara ilianza kupanda kuelekea nyumbani, ikapinda kushoto taratibu, na gari likaifuata bila kubishana. Mmmmm.

—Huo hapo! Unausikia? Huo!

—Baba.

—Unapanda na kushuka, si wa kawaida, huu hata si wa beringi, huu...

—Baba, ni mimi. Naimba.

Utsugi akabaki amenyoosha kidole kwenye sakafu ya gari.

—Unaimba?

—Kwa pua tu. Nikiendesha huwa naimba.

—Tangu lini unaimba garini?

Chinatsu alibadilisha gia, macho yakiwa barabarani.

—Tangu nina miaka sita. Wewe ulikuwa unasikiliza magurudumu.

Kona nyingine ilikuja, wakaipita. Utsugi aliachia mpini wa mlango na kuiweka mikono yake mapajani, ikakaa hapo bila kazi.

—Basi anza tena, alisema. Nimeukosa mstari wa kwanza.